Gramu Zinazopotea Kabla ya Leba

Mtoto akizaliwa na kilo mbili na robo, swali la kwanza la ndugu humwendea mama. Alikuwa anakula nini? Kwa nini aliendelea kubeba ndoo za maji? Mbona kliniki alianza amechelewa? Mawifi huuliza, mama mkwe huuliza, na mara nyingine hata muuguzi aliyeshika kadi huuliza kwa sauti inayoonyesha kwamba jibu ameshalipata. Mama, maumivu ya leba hayajamwisha, huanza kuipitia miezi yake tisa akitafuta alipokosea.

Ushahidi uliokusanywa kwa zaidi ya nusu karne, sehemu yake nzuri ikitoka hapa hapa Afrika Mashariki, hauungi mkono lawama hiyo. Uzito wa mtoto hutegemea kwa kiasi kikubwa mambo ambayo mwanamke hayaamui peke yake: mbu, msimu wa mvua, namna kondo la nyuma lilivyojishikiza, ngumi ya mume, umri aliopata mimba ya kwanza, na kama zahanati ilikuwa na kipimo na dawa siku aliyofika. Chakula kimo, tena kina nafasi kubwa. Lakini chakula nacho, katika nyumba nyingi, ni habari ya nani ana ufunguo wa ghala na nani anapakuliwa kwanza.

Tuanze na kipimo chenyewe. Shirika la Afya Duniani humhesabu mtoto kuwa na uzito pungufu akizaliwa chini ya gramu 2,500. Kwa makadirio ya shirika hilo na UNICEF, mwaka 2020 watoto milioni 19.8 walizaliwa chini ya mstari huo, yaani asilimia 14.7 ya waliozaliwa hai duniani. Mwaka 2012 nchi wanachama zilikubaliana kupunguza kiwango hicho kwa asilimia 30 kufikia 2025. Hatua zilizopigwa tangu hapo ni ndogo mno ukilinganisha na ahadi.

Ila mstari wa gramu 2,500 unaficha watoto wa aina mbili. Wa kwanza ni njiti, aliyezaliwa kabla ya wiki 37. Huenda alikuwa anakua vizuri kabisa, muda ndio haukumtosha. Wa pili alikaa tumboni muda wote lakini hakupata alichohitaji ili akue. Wapo pia wenye mikosi yote miwili, na hao ndio walio hatarini zaidi. Sababu zinazomharakisha mtoto kutoka si lazima ziwe zile zinazomdumaza, na tiba hazifanani. Ili kuwatofautisha, ni lazima kujua umri wa mimba, na hapo ndipo kazi inapokuwa ngumu. Wanawake wengi hawakumbuki tarehe ya hedhi ya mwisho, na ultrasaundi hukisia umri wa mimba kwa usahihi mkubwa katika miezi mitatu ya kwanza, wakati ambao wengi hawajafika kliniki. Mizani nazo zina mambo yake. Ukifungua rejista za wodi za wazazi utaona namba zimelundikana kwenye 2.5 na 3.0, kwa kuwa mkunga aliyeelemewa na kazi huandika namba iliyo karibu. Mtoto wa gramu 2,450 aliyeandikiwa kilo mbili na nusu ameshatoka kwenye hesabu ya wanaohitaji uangalizi.

Kuna dhana moja ambayo ingefaa kuondolewa mapema, kwamba Waafrika kwa asili huzaa watoto wadogo. Mradi wa utafiti uitwao INTERGROWTH-21st, uliotoa matokeo yake makuu mwaka 2014, ulifuatilia mimba katika sehemu nane za dunia, zikiwemo Parklands jijini Nairobi na Muscat nchini Oman, pamoja na Oxford, Seattle, Turin, Pelotas, Nagpur na wilaya ya Shunyi mjini Beijing. Waliochaguliwa ni wanawake wenye afya, wanaokula vizuri na wanaohudumiwa vizuri. Watoto wao walikua tumboni kwa namna iliyokaribiana mno; tofauti kati ya mji na mji zilikuwa ndogo sana. Mwanamke wa Parklands aliyepata mahitaji yake hakuwa na sababu ya kuzaa mtoto mdogo kuliko mwenzake wa Oxford.

Marekani kuna ushahidi unaouma zaidi. Mwaka 1997 Richard David na James Collins walichapisha uchambuzi wa vizazi vya jimbo la Illinois kati ya 1980 na 1995. Watoto wa wanawake weupe waliozaliwa Marekani walikuwa na wastani wa gramu 3,446. Wa wanawake weusi waliozaliwa Afrika, gramu 3,333. Wa wanawake weusi waliozaliwa Marekani, gramu 3,089. Kama asili ya Kiafrika ndiyo inayopunguza uzito, wahamiaji kutoka Afrika ndio wangekuwa chini kabisa. Hawakuwa. Kinachoonekana pale ni maisha aliyoishi mwanamke tangu utotoni, katika nchi iliyombagua, yakijitokeza kwenye mizani ya mwanawe.

Maisha hayo huanza mbali. Msichana aliyedumaa akiwa mdogo hukua akiwa mfupi, na mama mfupi huelekea kuzaa mtoto mdogo zaidi. Utafiti wa kitaifa wa afya nchini Tanzania wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa chini ya miaka mitano wamedumaa. Wasichana walio katika kundi hilo watakuwa wakizaa katika miaka ya 2040, na sehemu ya uzito wa watoto wao inaamuliwa leo, kwenye uji wanaokunywa na kuharisha kunakowarudia.

Sasa chakula. Hakuna anayeweza kuwashindisha wajawazito njaa ili apime matokeo, lakini vita vimefanya hivyo. Majira ya baridi ya 1944 na 1945, majeshi ya Ujerumani yalizuia chakula kufika miji ya magharibi ya Uholanzi. Mgao wa watu wazima ulishuka chini ya kalori 1,000 kwa siku. Wanawake waliopatwa na njaa hiyo katika miezi mitatu ya mwisho ya ujauzito walizaa watoto waliopungukiwa na takriban gramu 300. Hilo linaeleweka, kwani mtoto wa wiki 28 ana kama kilo moja tu, na sehemu kubwa ya uzito wake huongezeka kuanzia hapo. Ajabu iko kwa wale waliopatwa na njaa mwanzoni mwa mimba, kisha chakula kikarudi. Watoto wao walizaliwa na uzito wa kawaida. Walipofika utu uzima ndipo ikaonekana kuwa walisumbuliwa na ugonjwa wa moyo kuliko wenzao. Mizani haikuona kitu, ingawa mwili ulikuwa umeumia. Uzito ni shahidi mzuri, lakini hakuona yote.

Gambia ndiko lilikotoka jibu linalotuhusu zaidi, maana njaa ya kule inafanana na yetu. Katika vijiji vya West Kiang, watafiti wa Uingereza waliokuwa na kituo Keneba waliona kwamba watoto waliozaliwa katika miezi ya mvua walikuwa wepesi kuliko waliozaliwa baada ya mavuno. Ghala zimekauka, na kazi ya shamba ndiyo imepamba moto. Mwanamke anakula kidogo huku akitumia nguvu nyingi. Wakaanza kuwapa wajawazito biskuti zilizotengenezwa kwa karanga, zenye takriban kalori 1,000 kwa siku. Matokeo yalichapishwa mwaka 1997. Kwa wastani watoto waliongezeka gramu 136. Katika msimu wa njaa nyongeza ilikuwa gramu 201, na katika msimu wa shibe gramu 94. Uwezekano wa kuzaa mtoto wa uzito pungufu ulishuka kwa asilimia 39. Watoto waliozaliwa wafu na waliokufa wiki ya kwanza walipungua kwa karibu nusu.

Mtu wa Dodoma au Singida anaijua kalenda hiyo bila kufundishwa. Mvua ni moja, mavuno ni moja. Mimba iliyoingia Juni, chakula kikiwepo, inafika miezi yake ya mwisho kati ya Desemba na Machi, wakati wa kulima na kupalilia, debe la mwisho la mtama likipimwa kwa jicho. Mwanamke huyo ukimwambia ale mboga, matunda, mayai na samaki kila siku, kama mabango ya kliniki yanavyoagiza, umempa orodha ya vitu asivyonavyo. Angefaidika zaidi kama mtu mwingine angeshika jembe lake wiki zile, na kama sahani yake isingekuwa ya mwisho kupakuliwa.

Katika hili kuna hofu moja inayostahili jibu la heshima. Wako wanawake, na bibi zao wanaowashauri, wanaopunguza kula miezi ya mwisho ili mtoto asiwe mkubwa akashindikana kutoka. Hofu yenyewe ina msingi mahali ambapo chumba cha upasuaji kiko mbali na barabara hukatika wakati wa mvua. Lakini kule Gambia mduara wa vichwa vya watoto wa akina mama waliopewa biskuti uliongezeka kwa milimita 3 hivi tu. Nyama na mafuta ya mtoto ndivyo vilivyoongezeka zaidi, na hivyo ndivyo vinavyomvusha wiki ya kwanza ya maisha. Anayejinyima hupunguza akiba ya mwanawe bila kupata unafuu wowote wa maana wakati wa kusukuma.

Jambo linalonishughulisha kuliko yote ni malaria, kwa sababu hupunguza uzito wa mtoto pasipo mama kuhisi kitu. Vimelea vya falciparum vikiingia kwenye chembe nyekundu za damu ya mjamzito huzifanya zing'ang'anie ukuta wa kondo la nyuma. Mwaka 1996 Michal Fried na Patrick Duffy, wakifanya kazi magharibi mwa Kenya, walieleza zinavyojibandika: kuna sukari maalumu kwenye kondo ambayo vimelea hivi huishika. Hapo hujificha na kuongezeka, kondo linavimba kwa ndani, na njia ya chakula na hewa kwenda kwa mtoto inabana. Damu ya kidoleni inaweza kupimwa isionyeshe mdudu hata mmoja. Mama hana homa, anaendelea na biashara yake ya vitumbua, na wakati huo huo mtoto anakosa gramu zake.

Maelezo haya yanafumbua jambo ambalo wakunga walilijua zamani: mzigo wa malaria huangukia zaidi mimba ya kwanza. Mwanamke aliyekulia ukanda wa malaria ana kinga aliyoijenga tangu utoto, ila kinga hiyo haijawahi kukutana na vimelea vya kondo, maana hajawahi kuwa na kondo. Mimba ya pili na ya tatu mwili huwa umeshajifunza. Kwa hiyo binti wa miaka 18 mwenye mimba ya kwanza, kule Geita, Kigoma au Kisumu, ndiye mwenye haja kubwa zaidi ya chandarua chenye dawa na vidonge vya SP, dawa ya kuzuia malaria. Naye ndiye mara nyingi anayeficha mimba na kuchelewa kliniki.

Tangu 2012 Shirika la Afya Duniani linaelekeza mjamzito apewe SP kila anapohudhuria kliniki kuanzia miezi mitatu ya pili, dozi moja na nyingine zikipishana walau mwezi mmoja. Afrika Mashariki vimelea vimeshakuwa sugu kwa SP kwa kiwango kikubwa, na watafiti wakaona ni wakati wa kuibadilisha. Jaribio kubwa lililofanywa Kenya, Malawi na Tanzania, na kuchapishwa mwaka 2023, lililinganisha SP na dawa mpya, dihydroartemisinin-piperaquine. Dawa mpya ilizuia malaria vizuri zaidi. Hata hivyo wanawake waliopewa SP ndio walioongezeka uzito zaidi, na watoto wao hawakuwa wepesi kuliko wa dawa mpya. Walikuwa wazito kuliko wao. Inaelekea SP, ambayo ina salfa ndani yake, hufanya kazi nyingine zaidi ya kupambana na malaria, pengine dhidi ya bakteria. Ninachokiona mimi ni kwamba hatuna ruhusa ya kuiacha SP kwa sababu tu imechoka mbele ya vimelea vya malaria. Kidonge cha bei ndogo kinachoongeza uzito wa mtoto hakipaswi kukosekana kwenye kabati la zahanati hata wiki moja.

Malaria hufuatana na upungufu wa damu. Minyoo, mimba zinazofuatana na chakula kisicho na madini ya chuma huongezea. Zamani kulikuwa na wasiwasi kwamba vidonge vya kuongeza damu vingewalisha vimelea vya malaria. Watafiti wa magharibi mwa Kenya walilijaribu hilo kwa wajawazito 470, na mwaka 2015 wakaripoti kuwa maambukizi hayakuonekana kuongezeka, huku watoto wa waliomeza chuma wakizidi kwa gramu 150. Hizo zinazidi kidogo nyongeza ya wastani ya biskuti za Gambia, kwa kidonge ambacho wanawake wengi hupewa kisha hukiacha kwa sababu kinawachafua roho na kugeuza choo kuwa cheusi. Wangeambiwa mapema kwamba choo cheusi si ugonjwa, na kwamba kidonge kikimezwa usiku baada ya kula kichefuchefu hupungua, wengi wangevumilia. Maelezo hayo huchukua dakika mbili, na foleni ya kliniki mara nyingi haiziachi dakika hizo.

Dar es Salaam ina historia yake katika sayansi hii. Katika miaka ya 1990 watafiti wa Muhimbili na Harvard, akiwemo Wafaie Fawzi, waliwapa vitamini mchanganyiko wajawazito 1,075 wenye virusi vya UKIMWI, kabla dawa za kufubaza virusi hazijapatikana. Watoto wa uzito pungufu walipungua kwa asilimia 44. Baadaye, kwa wanawake zaidi ya 8,000 wasio na virusi, vitamini zilishusha kiwango hicho kutoka asilimia 9.4 hadi 7.8, kwa matokeo yaliyotoka mwaka 2007. Nyongeza ya wastani ilikuwa gramu 67. Ni chache kwa mtoto mmoja, lakini kwa jiji zima maana yake ni watoto wengi wanaovuka mstari.

Mwanza nayo ilitufundisha kuhusu kaswende. Watafiti walioongozwa na Deborah Watson-Jones, katika ripoti ya mwaka 2002, waliwafuatilia wajawazito ambao hawakuwa wamepimwa wala kutibiwa wakakuta kwamba karibu nusu ya watoto waliozaliwa wafu walitokana na ugonjwa huo, na hatari ya kuzaa kabla ya wakati au kuzaa mtoto mwepesi ilikuwa kubwa. Kisha wakaangalia wale waliopimwa na kuchomwa sindano moja tu ya penisilini. Hatari yao ilishuka ikalingana na ya wanawake wasio na kaswende. Sindano moja. Mwanamke akizaa mtoto mwenye kaswende leo, huku penisilini imekuwepo tangu enzi za babu zetu, kosa hilo ni la mfumo wa huduma.

Shinikizo la damu lina njia yake. Wiki za mwanzo za mimba, mishipa ya mji wa mimba hutakiwa kupanuka ili kondo lipate damu ya kutosha. Isipopanuka vizuri, mtoto hupata damu kidogo, na baadaye presha ya mama hupanda, miguu na uso huvimba, na huweza kufikia kifafa cha mimba. Hapo daktari hulazimika kumtoa mtoto mapema ili kuokoa wote wawili, na mtoto anakuwa mdogo kwa sababu zote mbili: alidumaa na amewahishwa. Madini ya chokaa husaidia kuzuia hali hii kwa wasiokula maziwa au dagaa vya kutosha. Jaribio lililofanywa Dar es Salaam na Bangalore, lililochapishwa mwanzoni mwa 2024, lilionyesha kwamba miligramu 500 kwa siku zinafanya kazi sawa na 1,500 zilizokuwa zikipendekezwa. Dozi ikiwa theluthi moja, gharama hushuka na mzigo wa vidonge hupungua. Kisukari cha mama nacho huelekea upande wa pili: mtoto anaweza kuzidi kilo nne, mabega yakakwama njiani, na sukari ikamshuka ghafla baada ya kuzaliwa. Wanaofurahia kilo nne na nusu wakidhani ni dalili ya afya wangefaa kuuliza kwanza kama mama alipimwa sukari.

Moshi wa kuni ulinishangaza. Kwa miaka mingi tafiti zilihusisha moshi wa jikoni na watoto wepesi, nami nilidhani suala limekwisha. Ndipo jaribio lililofanywa Guatemala, India, Peru na Rwanda, kwa wajawazito wapatao 3,200, likagawa majiko ya gesi na mitungi bure. Moshi ulipungua kwa kiasi kikubwa. Uzito wa watoto, kwa matokeo ya mwaka 2022, haukuongezeka kwa kiwango cha maana: gramu 2,921 dhidi ya 2,898. Huenda gesi ilikuja mimba ikiwa imeshakwenda mbali, huenda moshi wa jirani na wa barabara ulibaki, au huenda umaskini unaomfanya mtu apikie kuni ndio uliokuwa unapunguza gramu siku zote. Nishati safi ina faida nyingine tele kwa mapafu na macho ya wanawake, na Tanzania imejiwekea lengo la asilimia 80 ya wananchi kuitumia ifikapo 2034. Lengo hilo ni jema hata kama halitaongeza uzito wa watoto.

Kuna yasiyopimwa kliniki. Mjini Moshi wajawazito zaidi ya 1,000 walifuatiliwa hadi kujifungua, na matokeo yalichapishwa mwaka 2017. Waliopigwa na wenzi wao wakati wa ujauzito walikuwa na uwezekano wa karibu mara tatu wa kuzaa kabla ya wakati au kuzaa mtoto wa uzito pungufu. Kipigo huumiza kwa ngumi yenyewe, huumiza kwa hofu inayokaa mwilini usiku na mchana, na mwanamke anayepigwa mara nyingi ndiye anayenyimwa nauli ya kliniki. Wazee wa ukoo wanaomwuliza mama mwenye njiti alikula nini, waanze kumwuliza baba aliishije naye. Sisemi hivi kwa hasira tu. Takwimu za Moshi zinasema hivyo.

Umri na nafasi kati ya uzazi vinaingia hapa. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulionyesha kuwa asilimia 22 ya wasichana wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wameshapata mimba. Msichana wa miaka 15 bado anakua, na mwili wake na mtoto wake wanagombea chakula kile kile. Serikali ilipofungua mlango Novemba 2021 kwa wanafunzi waliojifungua kurudi shuleni, iliokoa elimu yao. Kuzuia mimba hizo zisitokee bado ni kazi iliyo mbele yetu. Kwa wenye watoto tayari, ushauri wa Shirika la Afya Duniani ni kusubiri walau miezi 24 baada ya kujifungua ndipo mimba nyingine itungwe, ili damu na akiba ya mwili irudi.

Ukiyaweka mambo haya pamoja unaona kwamba mengi hutaka kuanza mapema. Kaswende ipimwe mapema, presha ijulikane mapema, tarehe ya mimba ithibitishwe mapema, SP ianze mara miezi mitatu ya kwanza inapopita. Lakini Tanzania ni takriban theluthi moja tu ya wajawazito waliofika kliniki katika miezi mitatu ya kwanza, kwa mujibu wa utafiti huo huo. Wengine huja mwezi wa tano, tumbo likiwa limeshaonekana. Wana sababu zao. Wapo wanaoogopa mimba changa isijulikane ikaleta husuda. Wapo walioambiwa warudi na mume, na mume yuko machimboni. Wapo waliokwenda mapema wakaandikiwa dawa za kununua dukani. Mwanamke akishatembea kilomita saba na kurudi na karatasi tupu, mimba inayofuata hatahangaika kuwahi.

Na kwa wale waliokwisha kuzaliwa wadogo, habari ni njema kuliko watu wengi wanavyojua. Jaribio la kimataifa lililofanywa katika hospitali za Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, Muhimbili ikiwa mojawapo, liliwachukua watoto wa kati ya kilo moja na chini kidogo ya kilo 1.8 na kuwaweka kifuani mwa mama, ngozi kwa ngozi, mara tu baada ya kuzaliwa, badala ya kusubiri hali zitulie kwenye mashine. Vifo vya siku 28 za kwanza vilikuwa asilimia 12.0, dhidi ya 15.7 kwa waliosubiri. Jaribio lilisimamishwa kabla ya muda kwa kuwa faida ilikuwa wazi mno. Matokeo yalitangazwa mwaka 2021. Wodi ya kangaroo, kama huduma hii ya ngozi kwa ngozi inavyoitwa, inahitaji kitanda cha mama kando ya mtoto, khanga safi, na muuguzi anayeruhusu mama alale humo. Baba na bibi wanaweza kupokezana kifua pia.

Kwa hiyo wewe msomaji, kijiji chako kikikutana kabla ya bajeti ya halmashauri, muulizeni diwani maswali manne. Je, zahanati yetu ina SP mwezi huu? Ina kipimo cha kaswende na penisilini? Ina mashine ya kupimia presha inayofanya kazi? Vidonge vya kuongeza damu vinatosha hadi mwisho wa mvua? Majibu yaandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano, na mkutano ujao yasomwe tena mbele ya wote.